Kitwitwi Mwenye Uzi Mwekundu

Msasani, Dar es Salaam
5 Septemba 1954

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mie mzima, ila jua la huku halina adabu. Miguu yako inaendeleaje?

Vitwitwi wamerudi, Mama! Wanatoka Ulaya, wanapumzika hapa kwenye matope. Maji yakipwa tunatega nyavu. Mzungu wangu anamvisha kila ndege pete ya bati mguuni, mie naandika namba, kisha tunamwachia. Akinaswa kwingine, watu watajua alipita hapa. Ndiyo maana Krismasi sitaweza kuja. Nisamehe.

Mwanao,
Gaudens

Bukoba
17 Oktoba 1954

Mwanangu Gaudens,

Milele amina. Marahaba. Anayeandika ni dada yako Avelina, maneno ni yangu. Miguu inauma, ulimi mzima.

Miaka sita sijauona uso wako. Kwani hao ndege hawana mama? Basi sikiliza. Hapa ziwani nao wapo. Mmoja alinaswa katika wavu wa samaki, nikamfunga uzi mwekundu mguuni, nikamwambia, "Nenda Msasani, kamwambie Gaudens mama yake anamwita." Akifika, usimcheleweshe.

Mama yako

Msasani
12 Desemba 1954

Mama,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nikalia. Ndege hawatumwi, Mama, huenda watakako. Hata hivyo kila anayenaswa namtazama miguu kwanza. Mzungu kaniuliza natafuta nini, nikamwambia vidonda. Wako sijamwona.

Aprili wakiondoka, nami naondoka. Safari hii kweli.

Mwanao

Msasani
8 Mei 1955

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Vitwitwi wakubwa wameondoka, lakini wachanga wamebaki, na Mzungu anataka tuwaangalie hadi wenzao warudi. Sanduku nilikuwa nimeshafunga. Nimeshindwa kumkatalia. Mwakani, Mama. Nijibu hata neno moja, roho yangu itulie.

Mwanao

Mwanza
2 Juni 1955

Mwanangu,

Marahaba. Sijakasirika, nilikuwa nangoja miguu ipate nafuu. Avelina amebaki na migomba, kwa hiyo anayeniandikia ni sista wa misheni hapa Mwanza. Jana nilishuka melini. Barua hii inaondoka leo, mie nitapumzika kwa masista, nipande treni ya Jumatatu ijayo kuja huko kwako.

Usijibu, hutanikuta. Omba ruhusa uje stesheni. Nimezeeka, Gaudens, usitafute ile sura uliyoiacha nyumbani. Tafuta mwanamke anayelia.

Mama yako