Kishale Kinachotembea Peke Yake

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Marahaba, maana najua ungeanza wewe. U hali gani? Kifua kimepoa? Wifi yangu na Bwana Mkubwa wanaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa.

Kazi inakwenda. Kompyuta yangu ni ileile ya ukoo mwingine, isiyokubali kabisa programu yako ya kuchora nguo. Lakini tangu uniwekee njia ya kuingia kwenye kompyuta yako kupitia mtandao, nakaa hapa nachora huko, na karatasi zinatoka kwenye printa yangu. Wateja wananiita mtaalamu. Siwakatalii.

Shida ni kwamba wote wawili tunatumia kioo kimoja. Mimi navuta kishale cha kipanya kwenye kola, wewe unakivuta kwenye kazi zako, mpaka mmoja akubali yaishe. Mama akikiona kinatembea peke yake huacha sufuria jikoni na kuja kukisimamia.

"Mwanangu, umekula?"

Nami nakuandikia swali lake papo hapo juu ya mchoro wa nguo, nawe unajibu hapohapo.

Juzi nilisahau kufuta. Gauni la mwalimu wa kwaya likachapwa na maneno mgongoni: "Shikamoo mama, nimekula." Nilitaka kuitupa karatasi ile. Mama akasema, "Thubutu!" Sasa iko ukutani, juu ya kitanda chake, na mwalimu wa kwaya bado anasubiri gauni.

Umeniambia utanitumia kompyuta mpya inayoikubali programu hiyo, ili kila mtu awe na yake, tusisumbuane. Ahsante, mdogo wangu. Ila jambo hili halijanikaa vizuri rohoni. Nikiwa na yangu, nitaingiaje tena kwako? Simu unapiga ukipata nafasi, na nafasi hupati. Kishale kile ndicho kinachotuambia umeamka, umefika kazini, upo. Nimekukumbuka mno, ndugu yangu. Hata ule ugomvi wetu wa kishale naupenda.

Mama sijamwambia. Sijui nianzie wapi.

Basi usiitume. Kama ni lazima ije, ibebe mwenyewe uje nayo.

Msalimie sana wifi. Bwana Mkubwa mwambie shangazi yake anamshonea suruali, anitumie kipimo cha kiuno maana watoto wanakua, hawangoji. Fundi viatu jirani yetu anakusalimu, anauliza kama bado unakanyagia kisigino upande. Mungu akutangulie kila uendako na akurudishe salama.

Leo hufanyi kazi, kishale kimetulia tuli. Mama amekuja, amekiuliza vilevile kama umekula, na amevuta kiti.

Wako akupendaye,
Dada yako