Mlango wa Upande Wangu

Tarehe 9 Januari

Kwa kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa magoti yananisema kila nikiinuka. Mdogo wako naye hajambo, anakula kama mtu anayejenga ghorofa tumboni. Wewe je? Baridi ya huko imekuachia masikio?

Naandika kwa sababu nikikupigia simu unasema "mama, mtandao," halafu kimya. Barua haina mtandao.

Mwanangu, ghala la marehemu baba yako lilipokuwa la kuwekea mbao nililala vizuri, maana mbao hazipigi ngoma. Tangu uligeuze ukumbi, kila mwisho wa wiki vikombe vyangu vinacheza kabatini bila kualikwa. Balaa lenyewe ni kile kimlango cha nyuma kinachofungukia uani kwangu. Kelele zinapitia humo, na watu nao wanapitia humo. Wengine wanatoka kupunga upepo, wengine kupunguza walichokunywa, na wanakopunguzia ni ukutani kwangu, chini ya kamba ya nguo. Juzi nilimkuta kijana amesimama mbele ya shuka langu nikamuuliza kama amekuja kuliloweka. Akaniamkia. Akaniamkia huku anaendelea.

Fanya kitu. Jengo ni lako, lakini usingizi ni wangu.

Mama yako


Tarehe 27 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, masikio yapo yote mawili. Wajukuu zako wanakusalimu. Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka mpaka wenzangu wakataka niwatafsirie.

Usihangaike tena. Nimeongea na fundi mwashi, kile kimlango anakiziba kwa tofali, kazi inakwisha, hakuna tena wa kukulowekea shuka. Humo ndani tunabandika sponji za magodoro, ukutani na darini. Sponji inameza sauti, hata huku wanafanya hivyo. Mdogo wangu atasimamia, si ndiye mwenye funguo.

Amenipigia ana wasiwasi, eti mkaguzi atauliza mlango wa pili uko wapi na mitungi ya kuzimia moto iko wapi. Nimemwambia aache uoga wa kitinda mimba. Mkaguzi ninamfahamu. Mitungi tutaazima kituo cha mafuta siku ya ukaguzi, tuitundike, apige picha, jioni tuirudishe. Mbona viti vya harusi watu wanaazima?

Wewe lala tu, mama.

Mwanao


Tarehe 18 Februari

Kwa kifungua mimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Nashukuru, nimelala mpaka jogoo ameniona mvivu. Nguo zangu zinakauka kwa heshima sasa. Hiyo sponji inanuka kidogo jua likiwa kali, lakini sauti kweli inaimeza, nasikia ngoma kwa mbali kama ya mtaa wa pili.

Fundi mwashi ni mtu wa taratibu. Alipofika tofali za juu nilimpelekea maji, akaniuliza, "Mama, na humu ndani wakitaka kutoka kwa haraka?" Nikamwambia watatoka walikoingilia. Akanywa maji, akamalizia kazi. Mdogo wako amenuna wiki nzima, anasema kaka hasikii. Nimemwambia kaka yako ameona dunia.

Yule rafiki yangu mwalimu wa ushonaji, anayenishonea magauni, ameomba ukumbi kwa mahafali ya wasichana wake. Watafanya mchana, hawana fujo. Nimemwambia kwa mwanangu ni kwake.

Mama yako anayelala


Tarehe 5 Mei

Kwa mwanangu,

Nakusalimu kwa sababu barua huanza na salamu. Afya yangu usiiulize.

Najua umesikia, redio zimesema mpaka huko. Simu yako inaita bila kupokewa. Basi soma, maana redio haikuwa uani kwangu, mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la kuanikia. Wasichana walikuwa wamepanda jukwaani na magauni waliyoyashona wenyewe, kitambaa kimoja wote, rangi ya kijani. Waya wa taa pale juu ukapiga cheche, sponji ikashika. Sponji haiwaki kama mbao, mwanangu. Inayeyuka, inadondokea watu vichwani, inatoa moshi mweusi ambao huwezi kuuvuta mara mbili. Taa zikazimika. Lango la mbele unalijua, baba yako alilitengeneza lifunguke kwa ndani ili wezi wasiling'oe. Watu wakalisukuma, na kadiri walivyolisukuma ndivyo walivyolifunga.

Waliokumbuka kimlango cha nyuma wakakimbilia huko. Niliwasikia wakiugonga ukuta. Waligonga kwa mikono, halafu kwa viti. Nilichukua mchi wa kinu nikapiga kutoka upande wangu. Nilipiga mpaka mchi ukapasuka. Fundi wako alijenga vizuri.

Wamekufa ishirini na mmoja. Kwa kuwa magauni yalikuwa ya kitambaa kimoja, na nyuso hazikutambulika, walimwita mwalimu wao. Aliwatambua kwa mishono. "Huyu pindo lake halinyooki, nilimgombeza juzi. Huyu anaficha fundo ndani ya kola." Alisema hivyo mpaka wa mwisho, mimi nimemshika kiuno.

Mdogo wako aliling'oa lango kwa kulivuta kutoka nje kwa nyororo na gari la muuza maji, ndiyo sababu wapo waliopona. Mikono yake imeungua hadi viwiko. Wamemfunga bandeji hospitali, kisha wamempeleka rumande, kwa kuwa funguo zilikuwa mfukoni mwake na mwenye jengo hayupo.

Njoo.

Mama yenu


Tarehe 26 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini unapata nguvu. Mimi silali, sili. Nimelia hadi mke wangu akaogopa. Simu sikupokea kwa sababu wakili wangu alinikataza kuongea na mtu yeyote, hata wewe.

Mama, ajali ni ajali. Waya uliopiga cheche sikuufunga mimi. Nikija sasa nitakamatwa nikishuka tu kwenye ndege, na kukamatwa kwangu hakumfufui mtu. Nikiwa huku naweza kusaidia. Nimetuma rambirambi kwa mwalimu agawie wafiwa, na nimemwekea mdogo wangu wakili.

Ila kuna jambo linaniuma, na siwezi kulinyamazia. Umeandika "fundi wako." Ukuta ule sikuujenga kwa faida yangu. Ni wewe uliyelalamika. Sponji ni kwa ajili yako, tofali ni kwa ajili yako. Nilifanya alichokitaka mama yangu, kama anavyopaswa mtoto. Sasa nimekuwa muuaji?

Mwanao


Tarehe 14 Juni

Kwa mwanangu,

Shikamoo yako imefika. Siiitikii.

Nililalamikia kelele. Ni kweli, na sitaikana barua yangu. Nililalamika, nikashukuru, nikalala. Fundi mwashi aliniuliza swali la mtu mwenye akili nikamjibu kama mwehu. Sehemu yangu naijua, na nitaibeba mwenyewe kwa miguu yangu mibovu. Lakini usinitwishe na yako juu yake, halafu ukae huko useme umemtii mama.

Mimi niliomba usingizi. Ungeweza kuzima muziki mapema. Ungeweza kuweka choo, watu wasikojoe kwangu. Ungeweza kuweka mlango mzito. Mimi ni mama wa nyumbani, sijui moto unatembeaje ndani ya sponji, wala sikumjua mkaguzi. Mdogo wako alikuuliza mlango wa pili, ukamwita mwoga. Alikuuliza mitungi, ukaazima. Siku ya moto alikimbilia ukuta wa nje, pale ilipotundikwa mitungi siku ya ukaguzi, akakuta misumari mitupu. Aliniambia hivyo akiwa hospitali, na hakulia, alicheka, na kicheko kile sitaki kukisikia tena.

Rambirambi yako mwalimu ameileta kwangu. Hakunitukana. Aliiweka mezani, akalitazama gauni nililovaa, alilonishonea yeye mwenyewe, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Unasema ajali ni ajali. Ajali ni mtu kuteleza kwenye matope. Hii ina fundi, ina tofali, ina siku ya kuazima na saa ya kurudisha.

Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma, umemsogezea mdogo wako sinia zima, na mwenyewe umeinuka kunawa mikono. Na walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lipo, tena linanuka mtaa mzima. Wewe ndiye hupo.

Sikukuuliza kama unalala. Nimekwambia njoo.

Mama yenu


Tarehe 6 Julai

Mama,

Shikamoo. Maneno yako ni makali, lakini najua ni uchungu.

Nisikilize kwa utulivu. Wakili anasema mdogo wangu akikubali kosa la uzembe, hukumu itakuwa fupi. Yeye hana mke wala mtoto. Mimi nina familia, nina kazi, nikifungwa mimi wote mtakula nini? Atakapotoka nitamfungulia duka. Zungumza naye, wewe anakusikia.

Tume ya uchunguzi ikikuita, sema umezeeka, masikio yamechoka, hukujua lolote kuhusu ukuta. Hakuna atakayekulaumu. Ya nyumbani yabaki nyumbani.

Mwanao anayekupenda


Tarehe 25 Julai

Kwa mwanangu,

Shikamoo zako sasa ni mbili na hazijaitikiwa. Ninazo. Nitaziitikia uso kwa uso.

Nimekwenda kumwona mdogo wako. Bandeji zimetoka, vidole viwili havikunjiki tena. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno, hata lile la duka. Alisikiliza akaniuliza jambo moja tu: "Mama, nilimwambia au sikumwambia?" Nikamjibu ulimwambia, mwanangu. Akasema basi, akaniuliza habari za magoti yangu.

Uzembe hakubali. Na mimi simshawishi. Nimewazaa wawili, na sikumzaa wa pili awe akiba ya wa kwanza.

Tume wameshapiga picha zao, wakaniruhusu kuubomoa ukuta. Nilimwita fundi mwashi yule yule. Hapati kazi siku hizi, watu wanamnyooshea kidole, na hao wanaomnyooshea hawajui kwamba yeye ndiye peke yake aliyeuliza. Alikataa malipo. Alitoa tofali moja moja, na zile za upande wa ndani zilikuwa na alama, usitake nikueleze alama za nini. Alipomaliza alikaa chini uani kwangu, nikampelekea maji, na safari hii hakuniuliza kitu.

Mama wa wale wasichana wanakuja. Wanapita kwangu, wanasimama pale mlangoni wanatazama ndani, wanapima kwa macho kutoka jukwaani mpaka walipo. Ni karibu, mwanangu. Hata kwa magoti yangu ni karibu. Mmoja aliniuliza kwa nini palizibwa nikamwambia: kwa sababu yangu na ya mwanangu mkubwa. Alinitemea mate. Nilijifuta, nikamletea kiti.

Mwalimu wa ushonaji hajaja tena. Gauni lake nalivaa kila siku akipita anione nalo.

Kesho naitwa mbele ya tume. Umeniambia niseme sisikii vizuri. Nilisikia ukuta ukigongwa, mwanzo kwa mikono, halafu kwa viti, halafu nikasikia ukinyamaza, kwa hiyo hilo siwezi kulisema. Nitasema nililalamika. Nitasema nilishukuru. Nitasema nani alimwagiza fundi, na nani aliuliza mlango wa pili akaitwa mwoga. Usiku sijalala, na wala sitaki kulala, usingizi ule nimeushiba.

Karani wao alipita jana kunieleza mambo yatakavyokwenda, nisishtuke mbele za watu. Swali la kwanza wataniuliza mwenye jengo ni nani. Nitajibu ni mwanangu wa kwanza, nitalitaja jina lako lote nililokupa mwenyewe. Swali la pili wataniuliza yuko wapi.

Hilo nimekuachia wewe.

Mama yenu