Uzi Niliomfungia Laurenti

Mwanangu Koku,

Mimi na baba yako tumeamka. Wewe sikuulizi hali, maana hali yako ndiyo imenikalisha hapa na kalamu tangu asubuhi, na mimi kuandika unajua si kazi yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiosha utumbo wa ng'ombe kijitoni? Mimi nakwangua kwa mgongo wa kisu, wewe unamwaga maji huku umeziba pua. Wenzako wakipita na vibuyu wanakuita Binti Utumbo. Siku moja ukawajibu, "Sikukuu ikifika msije kucheza enanga yetu ikipigwa, mkapige masufuria kwenu!" Nilicheka mpaka kisu kikaangukia majini.

Halafu tunausokota, tunaunyoosha kati ya mibuni miwili ukauke. Kituntu nzima kila mpiga enanga alikuja kwangu kuwekewa uzi. Uzi wenyewe ni mmoja tu, mrefu, unakwenda na kurudi kwenye meno ya ubao wa enanga, huku na huku. Mmoja anapitisha, mwingine anavuta. Mvutaji wangu ulikuwa wewe. Unakanyaga ubao, unaegemea nyuma kama unavuta ndama, nami nakuambia, "Shika, mwanangu, usiachie mpaka nifunge."

Ndivyo ulivyokuwa umekaa Damiani alipokuja mara ya kwanza kutoka Kimuli, na mdogo wake Laurenti. Enanga ilikuwa ya Laurenti, lakini Damiani ndiye aliyechelewa kuondoka. Laurenti akakunyang'anya uzi kwa utani, akavuta mpaka ukakatika. Nikamwambia, "Wewe, unavuta uzi au unang'oa mgomba?" Akasema, "Mama, nguvu hizi nitazipeleka wapi?" Tulicheka wote wanne.

Sasa Damiani, mumeo, tumemzika. Alivyokonda tuliona wote, na ugonjwa ule tunaujua, hata kama pale msibani watu walisema ni kifua.

Jumanne iliyopita Laurenti alikuja peke yake. Jua kali, yeye kavaa koti. "Shikamoo mama." Nikampa kiti. Akaniambia Jumamosi ya wiki hii ukoo wao unakaa, na kwamba wewe utarithiwa, na wa kukurithi ni yeye. Akasema anataka enanga iwe na uzi mpya siku hiyo, watu wafurahi.

Nilileta uzi. Nikakaa chini nikapitisha, yeye akavuta.

Koku, uzi ulimponyoka. Nikarudia, ukaponyoka tena. Mara ya tatu akauzungusha kwenye kiganja, akaegemea nyuma, mkono ukaanza kutetemeka mpaka begani. Koti likapanda. Nikauona ule mkono. Sikutaka kuuona lakini niliuona, ni mkono wa Damiani wa miezi ile ya mwisho.

Akacheka. "Mama, utumbo wako siku hizi unateleza."

Uzi ulikuwa mkavu kama kuni.

Nilipaswa kusema neno. Nikasema, "Basi lete, nitavuta mwenyewe." Nikakanyaga ubao, nikavuta, nikafunga. Akaijaribu enanga, ikalia vizuri sana, akanishukuru, akaondoka nayo. Mimi mwenyewe nimemwandalia sherehe ya kukuchukua wewe. Tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Nilimwambia baba yako. Akasema, "Mambo ya ukoo wa watu usiyaingilie. Umeona mkono, umekuwa daktari?" Mimi si daktari. Lakini mikono inayovuta uzi naijua tangu nikiwa msichana, na ule hauna siku nyingi.

Kama na wewe umeshaupata kwa mumeo, sijui. Sikuulizi. Kama unao, njoo nikuuguze mimi. Kama huna, mwanangu, kwa nini uingie mara ya pili kwa macho yako? Laurenti simchukii, nilimlilia njiani alipokuwa anaondoka, na yeye hakujua. Ila labda yeye hana hofu hii niliyo nayo mimi, au anayo na anaificha ndani ya koti. Nani atamwambia? Huko kila mtu anaangalia chini.

Usingoje Jumamosi. Wakikukalisha katikati yao utaona aibu, nakujua, utaitikia. Toka Alhamisi, sema mama anaumwa, si uongo. Mbebe mwanao mdogo. Wale wakubwa wawili wakiwazuia, waache kwanza, tutawafuata na mchungaji.

Barua hii nimempa jirani yetu mama Editha akupe mkononi, asimpe mtu mwingine hapo nyumbani.

Ijumaa adhuhuri nikiwa sijakuona, nafunga kitenge na kuanza safari ya Kimuli. Najua mama mkwe haingii kikao cha wakwe zake. Watanizomea, na baba yako atakasirika. Nitaingia hivyo hivyo, nitasimama mlangoni, na nililoliona nitalisema mbele ya Laurenti mwenyewe, akiwa amekaa na enanga yake magotini.

Usinifikishe huko, mwanangu. Njoo.

Ni mimi, mama yako aliyekuzaa.