Mkono Wangu na Nati ya Altaneta

Jumamosi, Kawajense

Nati imelegea! Tangu kiharusi kinipate, mkono wangu wa kulia ulikuwa haushiki hata kijiko, na watoto wanataka pikapu yetu kuukuu iuzwe pamoja na spana zangu.

Leo nilikuwa nabadilisha mkanda wa feni wa pikapu, nati ya altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, ikagoma kwa kutu. Nikavisha spana ya ringi, nikachomeka bomba kwenye mkia wake kuongeza nguvu. Mke wangu akasogea kunisaidia.

"Usiguse, Mama Kulwa."

"Haya Baba Kulwa, vuta!"

Nikavuta kwa mkono ule ule wa kulia. Haukuachia, na nati ikazunguka. Mama Kulwa akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Naogopa mkono utakufa ganzi tena. Lakini kesho, kabla ya misa, vifungo vya shati nafunga mwenyewe.