Mara Moja kwa Aliye Hai

Filadelfia, 3 Machi 1997

Kwa mwanangu Inpyo,

Habari za huko Chicago? Baridi imewaacha, au bado inawatafuna masikio? Mkwe wangu hajambo, na kile kiuno chake kimetulia? Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yanayolalamika nikipanda ngazi, nayo nimeyazoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele.

Nakuandikia kwa sababu simu uliikata. Barua haikatiki. Waweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza, maana tangu utotoni hukuwahi kupitwa na habari ya mtu.

Basi narudia lile lililokufanya ukate simu. Siku ya sherehe yangu ya miaka sitini nitakaa mbele ya meza ya matunda na keki za mchele zilizorundikwa hadi kidevuni, nawe utanijia mbele uiname mara moja, paji la uso liguse sakafu, kama anavyoinamiwa mzazi aliye hai. Ukumbi umeutafuta wewe, wageni umewaalika wewe, nguo umenichagulia wewe. Yote nimeyaitikia. Mimi nataka kitu kimoja tu. Kiti cha pili, kile cha kando yangu, akae Eladio.

Ukaniuliza, "Eladio gani?" Wacha hizo! Eladio Rosario, Mpuertoriko wa Mtaa wa Tano, anayepiga pasi katika duka letu la dobi tangu baba yako yu hai. Ndiye aliyekufundisha kuendesha gari, ukagonga pipa la taka la mchinjaji, akaenda kusema kaligonga yeye. Mkewe alikufa zamani, kama baba yako. Sasa umemkumbuka?

Nikusimulie jambo usilolijua. Siku aliyokuja kuomba kazi aliniuliza naitwa nani. Nikamjibu kama nilivyokuwa nikimjibu kila mtu: Inpyo-omma, Mama Inpyo. Yeye Kikorea hakijui, na wewe ulikuwa umetukataza kukuita Inpyo mbele ya wateja. Dukani ulikuwa Peter. Basi akadhani hilo ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Miaka nenda miaka rudi akaniita Inpyoma, kwa mkupuo mmoja. "Bi Inpyoma, mvuke umekwisha! Bi Inpyoma, huyu mteja anasema kifungo tumekimeza sisi!" Hata kadi za Krismasi aliandika hivyo. Sikumsahihisha. Ya nini? Baba yako aliniita hivyo hivyo, na majirani pia. Jina langu jingine lilijulikana benki tu.

Mwaka jana ulipotuletea picha ya kliniki yako, Eladio akasoma kibao: Daktari Inpyo Noh. Akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia, "Si Peter huyo." Akaweka pasi chini. "Ina maana siku zote hizi nakuita mama yake Peter?" Alicheka mpaka akakaa sakafuni kati ya makoti ya watu. Alipochoka kucheka akafuta macho, akauliza, "Na wewe je? Wewe unaitwa nani?"

Inpyo, nilisita. Nilisita kama mtu anayetafuta ufunguo uliomo mkononi mwake. Kisha nikamwambia: Malsun. Unajua maana yake. Bibi yako alizaa wasichana watano, wa mwisho wakampa jina la kumwambia Mungu kwamba wasichana basi. Nimelionea haya maisha yangu yote. Eladio hajui maana yake. Hulitamka polepole, kama anaonja mchuzi, nami huitika.

Nampenda. Nimeliandika, na karatasi haijaungua.

Mama yako


Chicago, 14 Machi 1997

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa heshima zote. Sisi ni wazima, na kiuno cha mke wangu kimepona, asante kwa kuuliza. Natumaini unapaka ile dawa ya magoti niliyokutumia na hujampa mtu. Unisamehe mwandiko, Kikorea changu cha kuandika kiliishia darasa la tatu, na hupokei simu.

Mama, kiti cha pili ni cha Baba. Nimeshakuza picha yake, ile aliyovaa suti ya kijivu, na itakaa hapo. Kila mwaka tunamkumbuka siku aliyofariki, tunaiinamia picha yake mara mbili katika chumba cha nyuma cha duka. Leo nimwondoe, nimweke mtu wa pasi?

Wakwe zangu wanatoka Seoul kwa ajili yako. Baba mkwe ni jaji mstaafu. Ameshaniuliza mara mbili mama yangu anafanya biashara gani, na mara zote mbili nimejibu "nguo". Sasa nimwambie nini? Kwamba yule mzee anayecheka kwa sauti, asiyejua hata kushika kikombe kwa mikono miwili mbele ya mkubwa, ndiye atakayekaa kiti cha baba yangu?

Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia: soma, Inpyo, mvuke huu usikuingie mapafuni. Nimesoma. Tumeshatoka humo, Mama. Ndiyo Amerika tuliyoifuata. Kwa nini unataka kuturudisha sote kwenye mvuke? Na umri huu, watu watasemaje?

Nakuomba, hili liishe hapa.

Mwanao wa pekee,
Inpyo


Filadelfia, 21 Machi 1997

Kwa mwanangu Inpyo,

Nimefurahi kusikia kiuno kimepona. Dawa ya magoti nzuri sana. Nimempa Eladio, naye ana magoti.

Umeniuliza watu watasemaje. Watasema kwa Kikorea, kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na wakimaliza wataniletea mashati yao, maana mashati hayajifui. Ulipotaka kumwoa binti wa jaji na mimi nikaogopa kwamba watamdharau mtoto wa dobi, uliniambia nini? "Mama, mapenzi hayaombewi ruhusa kwa majirani." Nikanyamaza. Sasa na wewe nyamaza.

Unamwambia jaji nafanya biashara ya nguo. Ya nguo za nani, Inpyo? Nguo chafu. Nimepiga pasi kola za watu ili wewe unyooshe meno ya watu. Usione vyaelea, vimeundwa, na mmoja wa waliounda ni huyo mzee asiyejua kushika kikombe. Baba yako alipolazwa, nani alifungua duka alfajiri ili mimi nikae hospitali? Kikombe cha maji cha mwisho alichokunywa baba yako kilishikwa na Eladio, kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umemwinua kichwa.

Baba yako alikuwa mtu mwema. Nilimheshimu alipokuwa hai na namheshimu sasa. Lakini hiyo picha, hebu fikiri. Ukiiweka kando yangu siku ya sherehe, utainama mara ngapi? Wafu ni mara mbili, hai ni mara moja. Utatukadiria vipi mimi na picha? Au ndilo ulitakalo, uniinamie mbili kabisa, mambo yaishe?

Unasema tumetoka dukani. Wewe umetoka, na sikukusomesha ubaki. Mimi nimo. Hiyo Amerika mliyoifuata ninyi mmeifikia, hongereni sana. Na mimi nilikuja kufua tu? Hapa duniani nilipewa jina la kuwakataa wasichana, nikavaa la kwako, na sasa nimepata mtu wa kuniita langu. Sitaliachia kwa ajili ya jaji.

Eladio anakusalimu. Anasema ukija atakupikia wali wa mbaazi, ule uliokuwa ukikwangua sufuria yake.

Mama yako


Chicago, 2 Aprili 1997

Mama,

Salamu. Natumaini u mzima.

Sitaandika mengi. Ukumbi nimeufuta. Wakwe nimewaambia unaumwa. Hilo la hospitali sikulijua, ungeniambia zamani, lakini halibadilishi kitu. Mtu humshukuru mfanyakazi, haolewi naye.

Kama atakaa kiti kile, mimi sitakuwapo. Ni yeye au mimi. Chagua.

Inpyo


Filadelfia, 19 Mei 1997

Kwa Inpyo,

Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na mkeo. Hapa kumepata joto, na makoti ya watu yamejaa dukani kama kawaida ya mwezi huu, wanayaleta wasiyafuate hadi majani yapukutike.

Sikujibu barua yako kwa sababu haikuwa na swali. Mtu akimwambia mama yake achague, ameshachagua yeye. Na fimbo ya mbali haiui nyoka. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Sherehe nimeifanya, Jumamosi, humu humu dukani. Tulisogeza mashine ya kukunjia, tukapandisha nguo za wateja juu darini, zikawa zinaning'inia vichwani mwetu kama wageni wasioalikwa. Matufaha nilirundika mwenyewe. Keki za mchele alileta Bi Pang wa duka la samaki, yule mwenye mdomo. Alikuja kuchungulia ili apate la kusema, akaonja wali wa mbaazi, akabaki mpaka mwisho. Wapuertoriko walileta ngoma. Mchinjaji wa jirani alikuja pia, akauliza habari zako, nikamwambia una wagonjwa wengi.

Viti vilikuwa viwili. Eladio alivaa suti aliyojipigia pasi mwenyewe, mikunjo yake ingekata kitunguu. Nilivaa ile nguo ya hariri uliyonichagulia. Nilikuwa nimekasirika nawe, si na hariri.

Ikafika saa ya kuinamiwa. Bi Pang akasema kwa sauti, "Haya, watoto wapite." Nikatazama mlango, Inpyo. Sitakudanganya, niliutazama sana. Kengele ya mlangoni haikulia.

Hapo Eladio akainuka kitini. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Kaa, wewe si wa kuinama, wewe ni wa kuinamiwa." Hakusikia. Akaja mbele ya meza, akapiga magoti yake mabovu, akainama hadi chini, sawasawa kabisa. Nikashangaa kajifunza wapi. Kisha akasimama kwa shida, akainama tena. Mara ya pili.

Bi Pang alipiga ukelele. Wakorea wote wakafunika midomo. Mimi nilielewa. Kila mwaka alikuwa akituona katika chumba cha nyuma tukiiinamia picha ya baba yako, mimi na wewe, mara mbili. Akajua ndivyo tunavyoheshimiana. Maskini, kanitendea kama maiti, tena kwa moyo wake wote.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu yalibaki machozi peke yake.

Nimewaza tangu siku hiyo, na naona hakukosea. Mama Inpyo amekufa, ameinamiwa mara mbili mbele ya mashahidi. Aliishi vizuri, alifanya kazi, alimsomesha mwanawe. Aliyeinuka kitini na kucheza ngoma ni mwingine. Mwezi wa tisa tutaandikisha ndoa. Chumba chako cha juu kiko kama ulivyokiacha, lakini sitakaa tena natazama mlango.

Malsun


Chicago, 8 Julai 1997

Kwa mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Tu wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilifika mwisho wa barua yako, pale ulipotia jina, nikashindwa kuendelea.

Mke wangu aliikuta mezani, akauliza, "Malsun ni nani?" Nikamwambia ni Mama. Akasema tangu tuoane hajawahi kulijua jina lako, na mimi sikuwahi kumwambia. Unajua mtoto wa Kikorea hatamki jina la mama yake. Juzi nililitamka garini, nimefunga vioo kama mwizi. Nililitamka tena. Ni jina zuri, Mama, hata kwa mtu anayejua maana yake.

Usidhani nimelainika. Bado nina hasira. Kuhusu ndoa bado sijasema ndiyo. Jaji nimemwambia ukweli, kwamba mama yangu ni dobi na hakuwa anaumwa, na hajanipigia simu tangu hapo. Atapiga au hatapiga. Picha ya Baba nimeitundika sebuleni kwangu, na hapo ndipo nitakapomwinamia.

Lakini kuna kosa ambalo mimi, mwanao wa pekee, siwezi kuliacha lilivyo. Mara mbili ni kwa wafu. Mama yangu hajafa. Hata kama amejizika mwenyewe kwa kalamu yake, na Bi Pang wa samaki ni shahidi, sikubali. Hazikwi mtu kwa sababu wageni wamekosea kuhesabu.

Jumapili hii ninakuja. Usifanye sherehe, usimwalike mtu, na Bi Pang asisikie. Weka viti viwili. Mwambie Mzee Eladio akae, na safari hii asiinuke hata kidogo, maana nitawainamia nyote wawili, mara moja, kama walio hai. Na asicheke mpaka nimalize.

Sufuria ya wali asiikwangue mtu.

Inpyo wa Malsun