Mistari ya Baba Topeni

Jumapili, 9 Machi 2025

Baba amerudi. Pale stendi ya Mafinga sikumtambua mpaka aliponiita. Amekonda, macho ya njano, sweta linamning'inia kama la mtu mwingine. Miezi saba pwani, na alichoshuka nacho ni kiroba cha vitunguu alivyonunua dirishani mwa basi pale Ruaha Mbuyuni. Ni malaria, amesema. Sisi watu wa baridi ikitupata inatuangusha vibaya.

Mama alimwuliza mikoko inaendeleaje. Akajibu kwamba amechoka, anataka kulala.

Mimi sikuuliza. Lakini nilitaka sana!

Jumatano, 12 Machi

Leo jiografia ilikuwa mikoko – kana kwamba mwalimu alijua. Miti inayoota kwenye maji ya chumvi, inayozuia mawimbi na kulea samaki na kaa. Watu wameikata kwa boriti, kwa mkaa, kwa mashamba ya mpunga, na sasa inapandwa upya. Akaniomba niwaeleze wenzangu habari za Baba. Kosa ni langu. Mwaka jana niliwatangazia wote kwamba mradi wa kupanda mikoko umemchukua Baba kwenda deltani, kule pwani, kwa sababu Mufindi nzima hakuna msimamizi wa kitalu anayenyoosha mistari ya miche kama yeye.

Nikasimama, nikasema miche inaendelea vizuri. Sijui kama ni kweli. Clement akauliza kama msitu wa baba yangu umeshatoa kivuli au bado unajifunza kuogelea. Darasa likacheka. Nami nikacheka kidogo, wasione nimeumia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempelekea Baba uji nje, alikuwa anaota jua. Akashika kikombe bila kunywa. "Imekufa yote, Faustina," akasema. Hakuniangalia.

Kwamba lilikuja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, likazoa tope pamoja na miche. Maelfu. Wiki moja tu, basi. Bahari haina adabu, alisema, na nikaona anajaribu kutabasamu.

Nimelia bombani, ndoo ikajaa na kumwagika.

Jumamosi, 22 Machi

Simu ya Baba imeita akiwa amelala. Nikapokea. Mwanamke wa pwani, Kiswahili chake kizuri, hana haraka. Ni Bi Mwanahawa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliokuwa wakipanda pamoja na Baba. Ameniita mwanangu. Ameuliza afya ya fundi, akamwombea dua ndefu.

Kisha akaeleza shida yake. Watu wa mradi wamekuja na ripoti: miche imekufa kwa sababu akina mama waliitelekeza. Kikundi kitaondolewa, waletwe watu wa kutoka mbali. Ripoti ina sahihi ya Baba.

Nikamwuliza ilikuwaje hasa. Ndipo akanieleza.

"Mwambie baba yako sisi hatuna kinyongo naye," akasema. "Aseme tu ilivyokuwa."

Sijamwambia. Nimemwambia tu kwamba Bi Mwanahawa anamsalimu. Akageukia ukutani.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani sikusikia hata somo.

Nilimwelewa Bi Mwanahawa kabla hajamaliza. Huku kwetu mtoto anajua palizi kabla ya kujua kusoma. Shamba la paini lisipopaliliwa halifai. Kilicho kwenye mstari ni mti, kilicho nje ya mstari ni gugu. Likizo zote mimi nimefanya hivyo, na Baba akanisifu.

Kule aliwavutia akina mama kamba juu ya tope, wakapanda hatua mbili kwa mbili, safi kabisa. Katikati ya mistari kulikuwa na michu midogo – aina ya mikoko – ambayo haikupandwa na mtu. Mbegu zake zililetwa na maji zenyewe. Baba akaamuru ifyekwe. Bi Mwanahawa akamwambia mara mbili waiache, hiyo ndiyo inayoshika tope. Baba akajibu kwamba shamba lake haliwezi kuwa kichaka. Siku tatu, mapanga arobaini.

Mwezi ulipopevuka hapakuwa na kitu cha kushika.

Lakini ng'ambo ya kijito hawakuwahi kufika kupalilia. Bi Mwanahawa anasema michu ya huko sasa inamfika magotini, na kaa wamerudi kuchimba mashimo. Hili nalishika. Nimelirudia mara nyingi leo.

Jumatano, 2 Aprili

Baba alikwenda kitaluni kwa mara ya kwanza. Wenzake wakamlaki kwa kamwene nyingi, salamu ya kwetu, wakamwita Mzee wa Bahari. Wanataka awafundishe vijana wapya. Saa nne alikuwa amesharudi.

Mama anajua sasa. Nimewasikia wakiwa jikoni. Mama anasema asiseme lolote: akikiri, hata kitaluni watamtoa, na jina lake ndilo linalotulisha. Akina mama wa kule wana watu wao wa kuwatetea. Nilitamani Baba amjibu chochote, hata kwa hasira.

Jumatatu, 14 Aprili

Bi Mwanahawa amepiga tena. Kikao cha kukiondoa kikundi ni Jumamosi, Pasaka haiwahusu. Baba alipokea mwenyewe. Alisema "ndiyo, Bibi" mara sita.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tumetoka Njia ya Msalaba, ukungu mzito, tumelowa. Baba hakubadilisha hata viatu. Akaniambia nilete karatasi. Mikono yake bado inatetemeka, kwa hiyo niandike mimi, kisha nipige picha kwa simu ya Mama na kumtumia Bi Mwanahawa leo leo.

Akataja salamu. Akataja afya yake. Akaeleza namna kamba zilivyovutwa, hatua ngapi, tarehe gani – anakumbuka kila kitu. Mama alikuwa anasonga ugali. Baba akasema, "Andika: akina mama walinikataza. Aliyeamuru michu ifyekwe ni..."

Akanyamaza. Jikoni mwiko nao ukanyamaza.

Ametoka nje. Ndiyo maana naandika huku nikimsubiri. Wino wa "ni" umeshakauka. Jina nalijua, ningeweza kulimalizia, lakini sitaliandika kabla hajalisema. Mama amekuja, amesoma juu ya bega langu mpaka mwisho. Nilidhani ataichukua karatasi. Amesimama tu, mkono una unga.

Mlango. Baba ameingia, amekaa. Ameniambia nimsomee tena, tangu mwanzo, polepole. Mama amevuta kigoda, naye ameketi kusikiliza. Naacha kuandika hapa, nianze kumsomea.