Kiraka Chini ya Mlango wa Ndege

Bab Ezzouar, Algiers

Kaka yangu Mokrane,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Marseille, wewe na wifi na watoto, na goti lako liwe limekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Shangazi Ouardia bado anagombana na lifti, na juzi kanikaripia eti kuskusi yangu ina madonge.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema niifute ile ndege niliyoichora kwenye kompyuta nikaiweka mtandaoni, la sivyo nisikupigie tena simu. Sifuti. Nimekuandikia kwa mkono usije ukadai nilijibu kwa hasira, ingawa hasira ninazo.

Umesema mwalimu wa hesabu wa miaka hamsini na sita anajidhalilisha kwa michezo ya kompyuta. Kaka, watu wanaojenga miji ndani ya mchezo huo, viwanja vyao vya ndege vimejaa ndege za leo, zote sura moja. Mimi nawatengenezea za zamani. Caravelle yangu, ile ndege ya abiria aliyokuwa akiihudumia Baba, imenichukua miezi saba: madirisha ya pembetatu, injini mbili za mkiani, mpaka moshi wake mweusi. Sasa inatua kwenye miji ya watu wasiojua Algiers iko wapi, na najivunia.

Ndiyo, nimeiweka na kile kiraka cha bati chini ya mlango wa mbele, ribiti ishirini na nane, kama Baba alivyokipiga. Kijana mmoja wa Oran aliniandikia kwamba, mama, ndege ni kali ila hicho kiraka kinaichafua, kitoe bwana. Nikamjibu kwamba kichafu ni kioo chake, akifute. Wewe nawe unasema natangaza aibu ya nyumba: fundi aliyesahau kufunga breki ya gari la ngazi za kupandia abiria, likateremka likaibonyeza ndege, wakubwa wake wakamwachia apige kiraka kwanza, kisha wakamvua ufundi wakampa ufagio wa ghala. Na wewe ukaacha shule ukabebe magunia bandarini. Miaka arobaini na saba unamwita mzembe. Hata siku ya maziko yake ulisimama mbali.

Basi nisikilize. Baba hakusahau breki.

Siku ile Mama alikuwa hospitali kujifungua, hakuna wa kuniangalia, Baba akanichukua kazini kwa kunificha. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda gari la ngazi nikajifanya dereva, nikavuta kila nilichokiona. Lilipoanza kuteremka Baba alilikimbilia, akaninyofoa kitini. Kisha akanishika mabega akaniambia, "Hukuwa hapa, binti yangu. Unasikia? Hukuwa hapa." Wakubwa walipofika, akasema ni yeye. Nami nikanyamaza, mwanzo kwa kumtii, baadaye kwa kukuogopa wewe.

Shule yako niliikatiza mimi. Ukitaka kukata simu, nikatie mimi, Baba mwachie. Kiraka hakitoki. Na kwenye maelezo anayoyaona kila anayeipakua ndege nimeongeza haya: kiraka ni kazi ya fundi Arezki, aliyeibonyeza ndege ni binti yake, Ghania.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Kaburi la Baba nimelipaka chokaa upya. Ukija, safari hii usisimame mbali.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa pale,

Ghania